Matundu ya simu na televisheni kwenye kifaa cha faiba: hesabu ya Magu

Geuza kifaa cha faiba uhesabu matundu yake. Huawei HG8245H ina manne ya LAN, mawili yaliyoandikwa TEL na moja la USB. HG8247H, ambayo kwa jina inapishana nayo tarakimu moja tu, ina hayo saba pamoja na la nane, lenye nyuzi za kufungia kama za waya wa dishi, lililoandikwa CATV. TEL ni la simu ya mezani. CATV ni la televisheni ya kebo.

Katika nyumba nyingi zenye faiba, kinachotumika ni Wi-Fi na pengine tundu moja la LAN. TEL halina simu na CATV halina picha. Mwenye nyumba anajiuliza kama amelipia kitu asichokitumia, na jirani yake anayetaka kufungiwa anajiuliza kama aongeze fedha apate kifaa chenye matundu mengi. Kwa mkazi wa mji wa Magu, mkoani Mwanza, jibu ni hili: tundu la simu linawashwa kwa gharama ndogo lakini linawafaa wachache, wengi wao wakiwa ofisi na biashara. Tundu la televisheni ni ghali mno kuliwasha kwa mji wa ukubwa huo, na mtazamaji hana sababu ya kulisubiri. Namba zinaonyesha kwa nini.

Uzi mmoja, mianga mitatu

Faiba ya majumbani hapa kwetu hutumia zaidi mfumo uitwao GPON, uliowekewa kanuni na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, kuanzia mwaka 2003. Uzi mmoja wa kioo hutoka kwenye mtambo wa kituoni, hufika kwenye kigawanyaji kilichofungwa nguzoni au kwenye kisanduku cha mtaani, kisha hugawanywa kwenda nyumba 32 au 64. Ndani ya uzi huo mianga hupita bila kugongana kwa sababu kila mmoja una urefu wake wa wimbi. Mwanga wa nanomita 1,490 huleta data nyumbani. Wa nanomita 1,310 hurudisha data kituoni. Wa tatu, wa nanomita 1,550, ulitengewa televisheni ya kebo.

Mwanga wa kwanza hubeba megabiti 2,488 kwa sekunde, na wa pili megabiti 1,244. Uzi ukigawanywa kwa nyumba 32 na zote zikavuta kwa pamoja, kila moja inabaki na megabiti 77 za kushusha na 38 za kupandisha. Simu husafiri ndani ya mianga hiyo miwili ikiwa imegeuzwa kuwa data. Televisheni ya tundu la CATV haisafiri humo hata kidogo. Inahitaji mwanga wa tatu, na mwanga huo ukikosekana kituoni, tundu la CATV halina la kupokea.

Namba nyingine ya kuweka akilini ni kilomita 20, umbali ambao GPON ya kawaida imepangiwa kufika kutoka kituoni hadi nyumbani. Mji wa Magu uko takriban kilomita 60 kutoka jijini Mwanza kwa barabara ya Musoma, kwa hiyo nyumba ya Magu haiwezi kuhudumiwa na mtambo ulioko Mwanza. Lazima mtambo uwe Magu penyewe. Kisesa iko wilaya hiyohiyo ya Magu lakini karibu na jiji, na kati yake na Magu mjini kuna takriban kilomita 40. Kwa hiyo hata wilaya moja inahitaji zaidi ya kituo kimoja, na kila kifaa kinachoongezwa kwa ajili ya televisheni kitanunuliwa zaidi ya mara moja.

Tundu la TEL lina nini ndani

Nyuma ya tundu la TEL kuna saketi ndogo inayoiga kazi ya ile swichi kubwa ya simu ya zamani. Inaipa simu ya mezani umeme wa volti 48 hivi, inatoa mlio wa kupiga, na simu ikiingia inapeleka umeme wa kengele unaoweza kuzidi volti 70. Kisha inabadili sauti kuwa data. Mfumo wa sauti uliozoeleka, G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde. Ukiongeza anwani na vifungashio vya mtandao, simu moja inafika kilobiti 87 hivi kila upande.

Pima mzigo huo kwenye uzi. Nyumba 32, kila moja ikiwa na matundu mawili, na simu zote 64 zikiongea kwa wakati mmoja, zinatumia megabiti 5.6. Hiyo haifiki nusu ya asilimia moja ya megabiti 1,244 za kupandisha. Saa nzima ya maongezi ni megabaiti 39 kwenda na nyingine 39 kurudi. Kwa upande wa njia, basi, simu ni kama bure.

Kinachobaki ni mambo matatu ya kituoni: kampuni iwe na mtambo wa kuendesha simu za intaneti, ikupe namba, na iingize taarifa za namba hiyo ndani ya kifaa chako. Kampuni yenye mtambo huo huuwekea nchi nzima, haihitaji mmoja wa Magu. TTCL, inayouza faiba ya majumbani kwa jina la Faiba Mlangoni Kwako, ndiyo yenye historia ndefu ya simu za mezani nchini. Namba zake za mezani zinazoanza na 028 zimehudumia Mwanza, Mara, Kagera na Shinyanga kwa miaka mingi.

Kununua kifaa chenye TEL dukani, kiwe kipya au mtumba, hakukupi simu. Kifaa cha faiba hutambuliwa kituoni kwa namba yake ya usajili, na kisichosajiliwa hakipati data wala sauti.

Nani anapata faida

Mwaka 2000 Tanzania ilikuwa na laini za mezani takriban 174,000, nyingi kuliko za mkononi. Mwaka uliofuata simu za mkononi zilizipita. Mwishoni mwa 2024 laini za mkononi zilikuwa zimevuka milioni 80 katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Za mezani zilikuwa zimeshuka chini ya laki moja. Wananchi walishachagua, na tundu la TEL halitabadili uchaguzi huo.

Hata hoja ya zamani, kwamba kupiga simu mtandao mwingine ni ghali, imepungua nguvu. Kiwango cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ambacho kampuni moja huilipa nyingine kwa dakika ya simu inayoingia kilikuwa Sh 15.60 mwaka 2018. Mwaka 2019 kilikuwa 10.40, kisha 5.20, kisha 2.60, na mwaka 2022 kikafika Sh 2.00. Ndiyo maana vifurushi vya mkononi vinaweza kutoa dakika za mitandao yote bila kampuni kufilisika.

Weka hesabu ya mwenye biashara. Tuseme laini ya mezani juu ya faiba inakugharimu Sh 10,000 zaidi kwa mwezi, na kila dakika unayopiga inakuokolea Sh 20 ukilinganisha na kifurushi chako cha mkononi. Gawanya 10,000 kwa 20: unahitaji dakika 500 kwa mwezi ndipo urudishe fedha yako. Kwa siku 22 za kazi ni dakika 23 kila siku. Duka la jumla, zahanati au shule inaweza kufika hapo. Nyumba ya watu watano, kila mtu mzima akiwa na kifurushi chake chenye dakika ambazo hazimalizi, haifiki. Ukiwa na bei halisi uliyopewa, iweke mahali pa 10,000 na 20 upate jibu lako.

Kuna faida isiyoonekana kwenye dakika. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, laini ya mkononi imefungwa zaidi kwa mtu aliyeisajili. Ofisi inayotumia laini ya mtumishi kupokea wateja hubaki bila namba siku mtumishi huyo akihama. Namba ya mezani ni ya taasisi. Haiibwi kwenye kituo cha basi, haichajiwi, na ikipachikwa kwenye PABX iliyokuwapo, yaani mtambo wa kugawa simu ofisini, inagawika kwa vyumba vyote. Fundi ataunganisha TEL kwenye upande wa PABX unaopokea laini za nje. Mitambo mingi ya zamani ya ofisini inaweza kuendelea kutumika hivyo bila kununua simu mpya hata moja.

Umeme ukikatika

Simu ya waya wa shaba ilikuwa na sifa moja kubwa: umeme wa volti 48 ulitoka kwenye betri za kituoni, kwa hiyo nyumba ikiwa gizani simu bado iliita. Kioo hakipitishi umeme. Simu ya tundu la TEL huishi kwa umeme wa nyumba yako, na TANESCO wakikata, nayo inazima pamoja na Wi-Fi. Laini ya mkononi itabaki hewani maadamu mnara una betri au jenereta. Nyumba isiyo na betri inayotegemea TEL kwa dharura imejidanganya.

Kifaa cha faiba chenye Wi-Fi hula takriban wati 10, wakati mwingine chini ya hapo. Kikiwaka saa 24 kwa siku 30 kinatumia uniti 7.2. Kwa mteja wa LUKU anayelipa takriban Sh 356 kwa uniti ni Sh 2,560 kwa mwezi. Kwa yule wa kundi la matumizi madogo, anayelipa takriban Sh 122, ni Sh 880. Angalizo ni kwa huyu wa pili: ukomo wa kundi lake ni uniti 75 kwa mwezi, na kifaa hiki peke yake kinachukua karibu sehemu moja ya kumi. Matundu yenyewe hayaongezi mengi. Tukikadiria kwamba kipokezi cha CATV kinaongeza wati 1, ni uniti 0.72, yaani shilingi 256 kwa bei ya juu.

Kwenye betri watu hupotezwa na namba za kwenye boksi. Betri ndogo ya ruta iliyoandikwa 8,800 mAh kwa kawaida imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, siyo volti 12 zinazoingia kwenye kifaa. Zidisha 8.8 kwa 3.7 upate wati-saa 32. Kwa kifaa cha wati 10 ni saa 3, na ukiondoa kinachopotea njiani, pungufu ya hapo. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 7 ina wati-saa 84. Ukiitumia nusu tu ili idumu, unapata saa 4. Anayetaka simu ya mezani ifanye kazi usiku kucha aanzie kwenye betri kubwa zaidi ya hizo, na gharama hiyo aiweke kwenye hesabu ya laini.

Kwa nini CATV ni ghali

Kiwanda hakikuweka tundu la CATV kwa bahati mbaya. Kampuni ya Verizon ya Marekani ilipoanza kuuza televisheni juu ya faiba mwaka 2005 mjini Keller, Texas, ilitumia mwanga huu wa nanomita 1,550 kuingiza kebo moja kwa moja kwenye nyaya ambazo nyumba zilikuwa nazo tayari. Wateja wake walikuwa wakilipia simu ya mezani na televisheni ya kebo kwa miaka mingi. Intaneti, simu na televisheni kwenye ankara moja ndiyo biashara iliyojenga mitandao hiyo. Jirani zetu Kenya walijaribu kitu cha aina hiyo kupitia Zuku, iliyouza Nairobi na Mombasa huduma hizo tatu kwa pamoja juu ya mtandao wake wa kebo. Ila Nairobi ni jiji ambalo sensa ya 2019 ilihesabu kuwa na watu milioni 4.4.

Ugumu wa kwanza ni wingi wa mwanga. Kifaa cha nyumbani husoma data hata kikipokea mwanga dhaifu sana, hadi desibeli 27 chini ya miliwati moja, ambayo ni sehemu 2 tu kati ya 1,000 za miliwati. Kipokezi cha CATV cha kifaa kama HG8247H hutaka mwanga usiopungua desibeli 8 chini ya miliwati, yaani miliwati 0.16. Hiyo ni karibu mara 80 zaidi. Data ni moja na sifuri, na zinatambulika hata zikififia. Picha ya kebo inabeba mawimbi ya redio ya makumi ya chaneli yakiwa ndani ya mwanga, na mwanga ukipungua kidogo chaneli zinaanza kukatika.

Sasa fuata njia ya mwanga kutoka kituoni. Kigawanyaji cha nyumba 32, uzi wa kilomita 5 na viungo vyake humeza takriban desibeli 20. Katika kila sehemu 100 za mwanga zilizotoka, moja ndiyo inafika. Ili nyumba ipate miliwati 0.16, kituo lazima kitoe miliwati 16 kwa kila uzi. Mwanga wa data kwa kawaida hutoka na miliwati 1.4 hadi 3.2. Kwa nyuzi 16, zinazotosha nyumba 512, televisheni inahitaji miliwati 256 za mwanga. Hapo ndipo kinapoingia kikuza mwanga, kifaa kisichohitajika kabisa kwa intaneti, na kwa wilaya yenye Kisesa upande mmoja na Magu mjini upande wa pili vinahitajika viwili.

Hata viungo hubadilika. Televisheni hudai kichwa cha faiba cha rangi ya kijani, kilichokatwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga usirudi nyuma na kuchafua picha. Mtandao uliojengwa kwa vichwa vya bluu, vinavyotosha data, utafumuliwa kila penye kiungo cha namna hiyo.

Ugumu wa pili uko kabla ya mwanga: madishi ya kupokea chaneli, mitambo ya kuzipanga, umeme wa akiba, fundi wa zamu, leseni ya TCRA na haki za kurusha maudhui. Haki ndizo nzito. Agosti 2018 watazamaji wengi wa ving'amuzi vya kulipia walikuta chaneli za kitaifa za bure zimeondolewa, kwa sababu leseni za kampuni hizo hazikuwaruhusu kuzibeba. Waya ulikuwapo, dishi lilikuwapo, ruhusa haikuwapo. Mwenye mtandao wa faiba angekutana na mlango huohuo.

Gawanya kwa watu wa Magu

Sensa ya 2012 iliihesabu Wilaya ya Magu kuwa na watu 299,759. Ya 2022 ilikuta 421,119, ongezeko la asilimia 40 katika miaka kumi. Ukigawanya kwa wastani wa taifa wa watu 4.3 kwa kaya unapata kaya karibu 98,000. Usukumani kaya nyingi ni kubwa kuliko hapo, kwa hiyo tuchukue 90,000.

Tuseme mitambo yote ya televisheni, ya kituoni pamoja na vikuza mwanga, inagharimu Sh milioni 120, na kampuni inataka kuirudisha kwa miezi 60. Hii ni namba ya kupimia tu, wala si bei ya muuzaji yeyote. Kila mwezi lazima zikusanywe milioni 2 kabla ya kulipia chaneli hata moja.

Wateja 100: kila mmoja Sh 20,000 kwa mwezi.
Wateja 500: Sh 4,000.
Wateja 900, yaani asilimia 1 ya kaya: Sh 2,222.
Wateja 5,000: Sh 400.

Kwa wateja 100 biashara imekufa kabla ya kuanza. Kwa 5,000 inapumua, lakini 5,000 ni zaidi ya kaya 5 katika kila 100 za wilaya ambayo watu wake wametapakaa vijijini, mbali na barabara kuu inayopita Kisesa, Nyanguge na Magu mjini. Kaya hizo 5,000 zitatakiwa ziwe na faiba kwanza, kisha zikubali kulipia televisheni, kisha ziipendelee hiyo kuliko dishi.

Na dishi ni mshindani asiye na huruma. Azam TV, iliyoingia sokoni mwaka 2013, hurusha kwa setilaiti. Gharama yake ya angani ni ileile iwe Magu ina mteja mmoja au elfu kumi, na inagawanywa kwa wateja wa nchi nzima na wa nchi jirani. Upande wa antena, Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzimiwa mitambo ya analojia mwaka 2013, na tangu hapo watu wamekwishanunua ving'amuzi. Mtandao wa kebo wa wilaya moja unapambana na mitambo inayolipiwa na mamilioni.

Kuna kikwazo cha mwisho, na hiki kiko sebuleni. King'amuzi cha antena husoma mfumo wa T2, cha dishi husoma S2, na kebo ya kidijitali kwa kawaida hutumia mfumo wa C. Televisheni isiyo na kipokezi cha C haitaona kitu kwenye waya wa CATV mpaka inunuliwe king'amuzi kingine.

Picha kupitia tundu la LAN

Picha ang'avu ya HD ya intaneti hutaka takriban megabiti 5 kwa sekunde. Nyumba zote 32 za uzi mmoja zikitazama kwa pamoja zinatumia megabiti 160, ambazo ni asilimia 6.4 ya zile 2,488. Mwanga wa data peke yake unabeba televisheni ya mtaa mzima na nafasi kubwa inabaki. Mwanga wa tatu ulikuwa na maana zaidi wakati data ilikuwa finyu.

Kwa mtazamaji, saa moja ya megabiti 5 ni gigabaiti 2.25. Saa nne kila siku kwa mwezi ni gigabaiti 270. Ukipunguza ubora hadi megabiti 1.5, ni gigabaiti 81. Hakuna bando la simu la mtu wa kipato cha kati litakalobeba mzigo huo, lakini faiba isiyo na kikomo cha data inaubeba. Kifurushi cha megabiti 20 kinaendesha televisheni mbili za HD na nusu ya njia inabaki kwa wengine. Hapa ndipo faiba inapomlipa mwenye nyumba, na tundu linalohusika ni LAN au Wi-Fi.

Mzigo umehamia kwenye njia inayotoka Magu kwenda nje. Chukua wateja 500, na saa 2 usiku, wakati wa taarifa ya habari, asilimia 40 yao wawe wanatazama kwa intaneti. Watu 200 mara megabiti 5 ni gigabiti moja kamili. Kampuni iliyonunua njia ndogo kutoka Magu itaonekana hapo, kwa picha kuganda. Kampuni ikiwa na huduma yake ya televisheni ya intaneti inaweza kutuma chaneli moja mara moja, mtambo wa Magu ukawanakilia wote 200. Njia ya nje itabeba megabiti 5 badala ya 1,000. Huko ndiko televisheni ya faiba inakoelekea. Uingereza, kampuni ya Openreach iliyokuwa ikifunga vifaa vyenye matundu ya simu imehamia kwenye kifaa chenye tundu moja tu la data, na simu inachomekwa kwenye ruta ya mteja.

Makosa yanayounguza vifaa

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi. Uzi wa kioo hauileti radi ndani, lakini waya wa chuma unaoshikilia kebo ya faiba nguzoni unaweza kuileta. Fundi aukate na kuufunga nje, usifike kwenye kifaa. Chaja ya umeme ndiyo mlango mkubwa uliobaki. Ichomoe mvua ya radi ikianza.

Usichomeke TEL kwenye soketi ya ukutani ambayo bado imeungwa na waya wa zamani wa shaba wa nje. Pande mbili zenye umeme zitakutana na saketi ya TEL itaungua. Waya wa nje utenganishwe kwanza. Usipeleke waya wa TEL kwenye tundu la LAN la kompyuta, kwani umeme wa kengele unaweza kuliharibu. Na usifunge waya wa dishi kwenye CATV. Tundu hilo hutoa picha, halipokei.

Kabla hujasaini

Muulize muuzaji maswali manne, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. TEL linafanya kazi, na ada yake ya mwezi na ya dakika ni kiasi gani? Kituoni kuna mwanga wa televisheni, au CATV ni pambo? Kifaa ni mali ya nani, na kikiungua analipa nani? Kifurushi kina kikomo cha data?

Jibu la swali la pili likiwa hapana, usiongeze hata shilingi mia kwa ajili ya kifaa chenye CATV. Ukiwa na ofisi inayopokea simu nyingi, dai TEL liwashwe na utenge fedha ya betri. Ukiwa na nyumba ya kawaida, chukua kifaa chenye Wi-Fi nzuri na matundu mawili ya LAN, na fedha inayobaki inunue betri. Kampuni nazo ziandike kwenye fomu ya mteja ni tundu gani linafanya kazi na lipi halifanyi. Mstari huo mmoja wa wino ni nafuu kuliko simu za malalamiko.